Chupa mbili za Soave, ladha mbili: tatizo ni nini?

Swali
Ndugu zangu, nilinunua chupa mbili za Soave, mvinyo mweupe mkavu wa kaskazini mwa Italia. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama maji yaliyokamuliwa ndimu. Ya pili, iliyoandikwa Classico, iliacha mdomoni ladha ya lozi iliyodumu. Je, neno hilo moja ndilo lililoleta tofauti, au nimebahatisha tu?

Jibu la 1
Hukubahatisha. Classico ni vilima vya kale vinavyozunguka miji ya Soave na Monteforte d'Alpone, mashariki mwa Verona, ambavyo mipaka yake iliwekwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Soave ilipopata hadhi ya DOC (alama rasmi ya Italia inayothibitisha asili ya mvinyo) mwaka 1968, jina la Soave liliruhusiwa kutumika pia katika ardhi tambarare yenye rutuba nyingi, na hapo ndipo sifa yake ilipoharibika, kwa kuwa Garganega, zabibu kuu ya Soave, huzaa sana kwa asili yake, na mkulima asiyeipunguza huvuna shehena kubwa ya zabibu zisizo na ladha. Kwenye vilima mizizi huhangaika, mazao hupungua, na kinachobaki kwenye shada huwa na nguvu. Naona ni dhuluma kwa wakulima wa vilimani kwamba jina lao lilienezwa namna hiyo.

Jibu la 2
Niongeze habari ya udongo. Sehemu kubwa ya vilima hivyo ni mawe meusi ya volkano ya kale, ingawa upande wa magharibi kuna chokaa. Garganega huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, na uchungu ule wa lozi ni alama yake. Sheria inataka iwe angalau asilimia 70 ya mvinyo. Sehemu iliyobaki huweza kuwa zabibu ya Trebbiano di Soave, ambayo wataalamu wamebaini kuwa ni zabibu ileile iitwayo Verdicchio katika mkoa wa Marche, katikati mwa Italia.

Jibu la 3
Hata hivyo, usiitegemee lebo peke yake, kwani mzembe yupo hata kilimani. Litazame jina la mzalishaji: familia ya Pieropan ilitoa mvinyo wa shamba moja, Calvarino, tangu mwaka 1971, wakati wengi walikuwa wakichanganya zabibu za kila mahali. Chupa yako ya pili itoe kwenye jokofu dakika 20 kabla ya kunywa, maana baridi kali huificha lozi.