Mjadala: Kompyuta ni yangu, stika ni ya duka. Nikiongeza kadi ya grafiki, waranti ife?

Mpiga video, Ligula, Mtwara

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja tuipasue, maana najua haijanikuta mimi peke yangu.

Nina studio ndogo ya video: harusi, unyago, mahafali. Nilinunua kompyuta ya mezani mpya, ya kwenye boksi, hapa hapa mjini. Risiti ya EFD ninayo na waranti ni ya mwaka mmoja. Kwa kuchapa barua haina shida. Ukifungua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, uunganishe harusi ya kamera tatu, feni inapiga kelele na picha inakwama kwama, kwa sababu mashine haina kadi ya grafiki, kile kipande cha kushughulikia picha. Inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa, na hiyo inachota ramu ya mashine nzima. Nikaenda dukani kuwaambia nataka kuongeza kadi. Jibu: ukibandua stika yetu iliyofunga kasha, waranti imekufa. Nikauliza, je, mkiniwekea nyinyi? Hatuweki. Fundi wangu akiiweka mbele ya macho yenu? Imekufa vilevile.

Sasa diski ikifa mwezi ujao, kadi imeigusa wapi? Kioo kikiingia mistari, kadi imekigusa wapi?

Msimamo wangu ni huu: waranti ifuate ubovu, isifuate stika. Kilichoharibiwa na kadi nitalipa mimi. Kilichokufa chenyewe alipe aliyeniuzia. Na anayekataa kulipa ndiye aonyeshe kwamba kadi ndiyo iliyoharibu. Anayepinga na aseme.

Mwenye duka, Masasi

Napinga mimi. Sikukuuzia hiyo mashine, lakini stika nabandika na nitaendelea kubandika.

Kaka, unanitazama kana kwamba waranti imetoka kwangu. Mimi niko katikati. Mzigo nauchukua Kariakoo, na aliyeniuzia naye ana stika yake. Mashine ikirudi imefunguliwa, yeye haipokei, basi waranti yako naitoa mfukoni mwangu. Na kuipeleka Dar si kuvuka barabara. Ni zaidi ya kilomita 500, kwa basi, kwenye buti, pamoja na magunia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kusini, mzigo ulilala huko huko, na mteja hataki kusikia habari za kimbunga, anataka kompyuta yake.

La pili hamlisemi. Mashine inatoka na ramu ya GB 16, inarudi na 8, na mtu anakula kiapo kwamba ndivyo alivyouziwa. Fedha za minada ya korosho zikiingia, duka linajaa kuanzia Oktoba. Nitakaa na nani kuchunguza nani aligusa nini? Stika inanijibu mara moja.

Mpiga video, Ligula

Mkuu, kama hofu ni ramu, andika namba zake kwenye risiti. Kila kipande cha ramu kina namba yake ya kiwandani (serial number). Huo wizi unazibwa na kalamu, haudai kunifungia mimi kasha la mali yangu.

Fundi, Mikindani

Nyote mnazungumzia stika, na stika haijawahi kuunguza kitu. Ngoja niseme kinachounguza.

Tundu la kadi kwenye madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, linatoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ikihitaji zaidi ya hapo, lazima ipate waya wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine: plagi ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza 150. Sasa kompyuta hizi za ofisini tunazouziwa, nyingi zina pawa saplai ya wati 180 mpaka 260, na ndani hakuna waya wa kadi hata mmoja. Aliyeitengeneza alipiga hesabu ya prosesa, diski na feni, akaishia hapo. Mtu anaangalia video mtandaoni, anarudi na RTX 3060. Kadi hiyo peke yake inakula wati 170, na NVIDIA wenyewe, wenye kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550.

Wengi wanapokwama hapo wanaazima umeme kwenye plagi ya diski. Kuna waya wa kuunganishia, wa bei ya soda, unatoka plagi ya diski kwenda pini 6. Plagi ya diski kwa volti 12 imepimwa kwa wati 54 hivi, na kadi inavuta hadi 75 pale. Plastiki inalainika, inakuwa nyeusi, siku ya siku inatoa moshi. Mashine za namna hiyo zinaletwa kwangu na mwenyewe anasema "imezima tu yenyewe". Hapo namuunga mkono ndugu wa Masasi asilimia mia.

Lakini tazama upande wa pili. Zipo kadi zinazotosheka na umeme wa tundu peke yake. GTX 1050 Ti, GTX 1650 zisizo na plagi, RTX 3050 ile ya GB 6 yenye wati 70. Ukiweka hiyo kwenye mashine yenye pawa saplai nzima ya wati 240 au 260, hujamwonea mtu. Kuifungua nako si dhambi: Dell, HP na Lenovo wanatoa bure miongozo inayoonyesha namna ya kufungua kasha na kubadilisha vipande, hatua kwa hatua, na picha juu. Kiwanda kinakufundisha kufungua, duka linakukataza. Hilo mimi limenishinda kulielewa.

Pembeni kidogo: kadi za bei ya kutupwa zichunguzeni kwa programu ya GPU-Z kabla ya kulipa. Kuna kadi kuukuu zimebadilishwa jina ndani zijitambulishe kama 1050 Ti. Na kabla ya kununua yoyote pima kasha, maana yale membamba yanataka kadi fupi ya kimo.

Mwanafunzi wa sheria, kwetu Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Naongeza la sheria, kwa sababu naona watu wanachukua maneno ya Wamarekani na kuyaleta huku.

Marekani wana sheria ya waranti tangu 1975, Magnuson-Moss. Chini yake, kampuni haiwezi kufuta waranti kwa sababu tu umefungua kifaa au umeweka kipande cha kampuni nyingine, ila inaweza kukataa kulipia ubovu ambao kipande hicho kimesababisha. Mwaka 2018 tume yao ya biashara, FTC, iliziandikia onyo kampuni sita, zikiwemo ASUS, Sony na Microsoft. Julai 2024 ikaziandikia Gigabyte, Zotac na ASRock, safari hii juu ya stika hizi hizi. Hao ni watengenezaji wa kadi na madabodi tunazozizungumzia.

Lakini hiyo haifiki Ligula. Kwetu kuna Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inayodai bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, Tume ya Ushindani, inayokataza kumpotosha mlaji. Kwa hiyo kaka, swali langu kwako: sharti la stika uliambiwa lini? Kama lilikuwa kwenye karatasi uliyopewa kabla ya kulipa, duka lina hoja. Kama ulilisikia siku uliyorudi kuuliza, hoja hiyo imepwaya sana.

Mama wa steshenari, Lindi Mjini

Wanangu, mimi mnanichekesha. Waranti yenyewe ya mwaka, na sehemu yake imeshakwenda. Piga hesabu: kazi za harusi unazozikosa kwa sababu mashine inakwama ni pesa ngapi, na pawa saplai ni pesa ngapi? Mimi ningeibandua stika leo. Gesi ya Mnazi Bay iko mlangoni kwetu na umeme bado unacheza, unakatika, unarudi kwa kishindo. Kilichoniulia mashine mbili dukani kwangu ni huo umeme na hewa ya chumvi, na waranti haikulipa hata moja, ingawa stika zilikuwa nzima zinameremeta. Nunua UPS kwanza, ile betri ya kulinda mashine umeme ukikatika, halafu kadi.

Mpiga video, Ligula

Shikamoo mama. Nimekuelewa, ila ukisema hivyo unawaachia. Leo kadi, kesho wataniambia hata ramu siwezi kuongeza.

Bwana sheria, karatasi ninayo. Imeandikwa "waranti mwaka 1" na mhuri. Neno stika halimo.

Kwa hiyo narudi kwa ndugu wa Masasi na pendekezo. Mteja akitaka kuongeza kadi, aje na mashine dukani. Iwashwe, ionekane nzima. Namba za ramu na diski ziandikwe. Kadi iwe ya kutumia umeme wa tundu tu, kama alivyosema fundi, bila waya wa kuazima. Duka libandike stika mpya na kutoza pesa kidogo ya kazi. Waranti iendelee kwa kila kitu isipokuwa kadi.

Mwenye duka, Masasi

Hapo unaongea biashara. Namba nitaandika, hata msimu huu naweza kuanza, na pesa ya kazi siikatai. Lakini madabodi na pawa saplai vitoke kwenye waranti siku kadi inapoingia. Hivyo viwili kadi inavigusa, hutanibishia.

Fundi, Mikindani

Nitakubishia. Kama kadi haizidi wati 75, tundu limetengenezwa kwa ajili hiyo. Pawa saplai ikifa, ipimwe.

Mwenye duka, Masasi

Ipimwe na nani? Na wewe uliyeiweka?

Mpiga video, Ligula

Na mimi sikubali ipimwe na aliyeuza. Basi jamani, nani hapa kusini ana vifaa vya kupima na hana upande? VETA Mtwara wanaweza kutoa karatasi ya vipimo, kwa gharama ya atakayeshindwa? Aliyepo huko na atujibu.