Hivi Namba 17 na Namba 18 waliwahi kumwomba mtu radhi?

Mwana_Kurasini (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Wapenzi wa Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani, tusaidiane, hili jambo linanikereketa.

Sehemu ya 131 ya Dragon Ball Super, ile ya kufungia. Ni Mashindano ya Nguvu, ulimwengu unaoshindwa unafutwa. Goku, mhusika mkuu, na Frieza, adui wake wa zamani, wanamtoa mpinzani wao Jiren nje ya ulingo, na wao wenyewe wanatoka naye. Juu ya mawe anabaki Namba 17 peke yake. Anapewa Dragon Ball Kuu aombe anachotaka, naye anaomba malimwengu yote yaliyofutwa yarudishwe. Tangu irushwe Machi 2018, ukimtaja 17 popote unasikia shujaa, shujaa.

Mimi sisahau alikotoka. Huyu na dada yake pacha, Namba 18, ni binadamu aliowageuza Dk. Gero kuwa mashine za kumuua Goku. Waliamshwa maabara, wakamuua Gero papo hapo, sawa, mzee aliyataka mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa akiwaamrisha tena. Walikuwa huru. Na uhuru wao wakautumia kufunga safari ya kwenda kumuua Goku, mtu ambaye hajawahi kuwakosea, kwa sababu tu walitaka kitu cha kufanya. Gari wakapora njiani, maana 17 alisema kuruka angani kunaharibu raha ya safari. Leo 17 ni askari wa wanyamapori, ana mke na watoto watatu, wawili wa kulea. 18 kaolewa na Krillin, rafiki wa Goku. Sijaona siku hata moja wamekaa na watu wakasema tulikosea.

Swali: mtu anakuwaje shujaa bila kutubu? Nawasilisha.

Fundi_Simu
Mkuu, atubu kwa nani? Unachanganya zama. Waliomuua Piccolo, Vegeta, Yamcha, Krillin, na baadaye Gohan, mwana wa Goku, akiwa na mkono mmoja, ni 17 na 18 wa zama zijazo, kule alikotoka Trunks, mwana wa Vegeta. Na wale Trunks alirudi kwao akawamaliza wote wawili. Kesi imekwisha.

Hawa wa kwetu walipigana na kina Vegeta barabarani, wakawapiga vibaya, na wakawaacha hai. 17 mwenyewe akamwambia Krillin awape wenzake maharage ya Senzu. Muuaji gani anakukumbusha dawa?

Babu_wa_Senzu
Hawakuua? Mbona Goku alikufa kwa mlipuko wa 17? Nakumbuka kabisa alimbeba akapotea naye.

Fundi_Simu
Mzee wangu, huyo ni Cell, yule kiumbe wa Gero aliyehitaji kuwameza 17 na 18 ili akamilike. Cell alivimba akataka kulipua dunia, Goku akamshika tumboni akahama naye hadi kwenye sayari ya Kaio. 17 alikuwa ndani ya Cell, kamezwa. Alikufa yeye pia.

Babu_wa_Senzu
Haya, Cell. Lakini Cell alikamilika kwa sababu ya nani? Hapo ndipo nataka tufike. Bulma, fundi wao wa mitambo, kakesha anatengeneza rimoti ya kuwazima, kamkabidhi Krillin, kamwambia sogea karibu ubonyeze. Kazi ya kidole kimoja. Jamaa kamkuta 18 juu ya kile kisiwa, kakumbuka lile busu la shavuni, kaitupa rimoti chini kaikanyaga. Dunia nzima iliuzwa kwa busu moja, na la mwanamke mpenda hela! Msiniambie habari za hao pacha, mkosaji namba moja ni Krillin.

Binti_Pongwe
Mpenda hela? Hebu nambie, babu, hizo hela alizipenda za nani?

Babu_wa_Senzu
Milioni 20 za zeni pale kwenye mashindano ya 25 ya mapigano ya dunia. Alibaki ulingoni na Mr. Satan, akamnong'oneza nilipe nikuachie ushindi. Hiyo ni rushwa ya mchana kweupe mbele ya umati.

Binti_Pongwe
Sawa, sasa malizia hadithi. Huyo Mr. Satan alipataje jina? Kwa kudanganya dunia nzima kwamba yeye ndiye aliyemuua Cell. 18 alimezwa na Cell akatapikwa, anajua vizuri nani alipigana na nani alijificha nyuma ya mawe. Anamkuta tapeli amejengewa jina na amelewa sifa, anamtoza. Mnamwita yeye mpenda hela, yule aliyechuma kwa uongo mnamcheka tu kama mjomba wa harusini.

Na mnasahau nyumba ile ilivyokuwa. Wakati ule wanaishi kwa Mzee Kame, kisiwa kimoja, nyumba moja, wana mtoto, Marron. Upolisi wa Krillin tunakuja kuuona baadaye kwenye Super. Mama anatafuta hela ya mtoto mnaanza kumpa majina. Mimi nimelea watoto wa marehemu dada yangu kwa kuuza vitenge, kila nikidai deni langu naambiwa mwanamke huyu anapenda hela. Neno hilo nalijua ladha yake.

Babu_wa_Senzu
Dada, mimi sikukusema wewe. Nilimsema 18.

Binti_Pongwe
Ulisema kwa mdomo ule ule.

Jogoo_la_Shamba
Uzi umeshahama. Naomba kurudi kwa mleta mada, maana kasema jambo zito na watu wamelipita. Baada ya Gero kufa walikuwa huru. Hilo ndilo swali, sio busu.

Na niongeze: mtazameni Namba 16. Yule ni chuma kitupu, hana nyama hata kidogo, na ameundwa kwa lengo moja, kumuua Goku. 17 na 18 ni binadamu waliotekwa, Lapis na Lazuli, wana damu, ndiyo maana 18 akazaa. Sasa nani kati ya watatu alikuwa na huruma? Chuma! 16 anakaa porini ndege wanamtua mabegani. Kichwa chake kimekatwa, kiko chini karibu na miguu ya Gohan, bado anamsihi mtoto awalinde viumbe anaowapenda. Kama mashine iliweza kuchagua wema, hao wenye moyo wa nyama wana udhuru gani?

Kaioken_Mara_Ishirini
Kwa hiyo unataka kusema Gohan asingeweza kumshinda Cell bila 16? Gohan alikuwa na hasira yake tangu utotoni, tangu alipotekwa na ami yake Raditz. Msimdharau Gohan.

Jogoo_la_Shamba
Nimemdharau wapi? Soma tena.

Kaioken_Mara_Ishirini
Umesema alisihiwa. Anayesihiwa ni mnyonge.

Mvuvi_Likoni
Assalaam aleikum wote. Wa Kurasini, ndugu yangu, mimi nataka kumjibu huyu babu kwa sababu neno lake limenichoma. Eti Krillin aliuza dunia kwa busu.

Babu, twende hatua kwa hatua. Rimoti imekanyagwa, ndiyo. Lakini kabla ya Cell kummeza 18, Vegeta alikuwa ameshamweka Cell chini. Kampiga mpaka Cell anatafuta pa kukimbilia. Nani alimruhusu aende akamtafute 18? Vegeta! Kwa jeuri yake, anataka kumwona Cell kamili. Trunks alipotaka kuzuia, Vegeta akampiga mwanawe mwenyewe. Krillin alimhurumia mtu aliyekuwa haendi kumdhuru yeyote saa ile. Vegeta alilihurumia jina lake. Halafu lawama anabebeshwa yule mfupi asiye na nywele kwa sababu hana ukoo wa kifalme.

Na kuhusu busu, wallahi hamkuitazama ile sehemu ya Shenron, lile joka linalotimiza maombi. Cell ameshakufa, watu wamefufuliwa, limebaki ombi moja. Krillin anaomba pacha wale warudishwe kuwa binadamu kamili. Shenron anasema nguvu zake hazifiki. Basi Krillin anaomba yatolewe mabomu yaliyo ndani ya miili yao. Ya wote wawili! Na wakati anaomba, anaamini 17 ni mume wa 18. Anaomba kwa ajili ya mwanamume aliyedhani amempokonya. 18 ndiye anayemkatiza kwa hasira, yule ni pacha wangu. Mtu wa kuuza dunia kwa busu hafanyi hivyo.

Binti_Pongwe
Asante kaka. Asante sana. Umenitoa machozi.

Babu_wa_Senzu
Maneno matamu, Mvuvi, lakini hesabu iko pale pale. Cell alishamaliza miji. Anaingia mji mzima watu wamebaki nguo tu barabarani, amewanyonya kwa mkia. Hizo nguo zilizolala lami ndizo ninazoziona mimi kila mkisema huruma. Kumzima 18 kungehakikisha Cell hakamiliki, Vegeta awe na jeuri au asiwe nayo. Huwezi kuweka maisha ya dunia kwenye mizani na mtu mmoja uliyempenda.

Mvuvi_Likoni
Wale wa nguo walinyonywa kabla Krillin hajapewa rimoti, babu. Na walifufuliwa.

Babu_wa_Senzu
Kufufuliwa sio kufutiwa! Yule mtu aliuona mkia unaingia mwilini mwake. Kwenye Dragon Ball kila jambo mnalifunga kwa kusema walifufuliwa. Ndiyo maana hakuna anayetubu humo ndani, kifo chenyewe hakina uzito.

Mwana_Kurasini (mleta uzi)
Babu, hapo umenisaidia kuliko unavyodhani. Hilo ndilo linalonisumbua tangu mwanzo. Dunia ambayo kosa linafutwa kwa ombi, mtu hapati nafasi ya kulikabili kosa lake. Naomba sasa kila mmoja ajibu: rimoti iko mkononi mwako, 18 yuko mbele yako, hajaua mtu, hajatubu, na Cell anakuja. Unabonyeza?

Fundi_Simu
Sibonyezi. Nampakia mgongoni nakimbia naye.

Kaioken_Mara_Ishirini
Nabonyeza, namficha kwa Bulma, Cell akishakufa namwamsha. Ile rimoti ni ya kuzima, sio ya kuua. Hata sijui kwa nini watu wanagombana.

Jogoo_la_Shamba
Krillin alishaambiwa akibonyeza 18 anazimika, na kina Piccolo na Trunks kilio chao kilikuwa kumharibu kabisa. Unamwamsha nani ameshavunjwavunjwa? Trunks alipoipata ile michoro ya Gero ya jinsi walivyoundwa hakuwa na mpango wa kumficha mtu.

Binti_Pongwe
Mimi sibonyezi, na sababu yangu sio mapenzi. Gero alimteka binti wa watu, akamfumua, akamwekea swichi. Alipoamka cha kwanza kilichomtisha ni ile rimoti mkononi mwa Gero, ndiyo maana 17 alimnyang'anya akaiponda kwanza kabla ya kumuua. Siku chache baadaye anakuja mwanamume mwingine na rimoti nyingine. Nikibonyeza mimi, tofauti yangu na Gero ni nini? Krillin ndiye mtu wa kwanza aliyekuwa na swichi ya yule mwanamke mkononi akakataa kuitumia.

Mnauliza radhi iko wapi. Kwenye Mashindano ya Nguvu, walipokabiliana na lile jitu la ulimwengu wa tatu, 17 alikuwa anaanguka. 18 alijitosa, akamrusha ndugu yake arudi juu, akatoka yeye. Na 17 baadaye akajilipua mbele ya Jiren ili Goku na Vegeta wapone, tukadhani kafa, kumbe kanusurika. Goku yule yule ambaye 17 alifunga safari ya kwenda kumuua. Wengine hawana maneno. Wana hayo.

Mwana_Kurasini (mleta uzi)
Dada, la swichi sina la kulijibu, nalikubali lote kuhusu 18. Kwa 17 bado nasita. Kujilipua ulingoni ni ujasiri, na alijua akishindwa ulimwengu wake unafutwa pamoja na watoto wake. Alikuwa anajipigania. Ombi lake la mwisho ndilo linalonipa shida, kwa sababu pale hakuwa na cha kupata. Alitaka meli ya kusafiria na familia yake, ombi hilo akaliacha.

Fundi_Simu
Sasa mkuu, si umejijibu?

Babu_wa_Senzu
Hajajijibu. Ombi jema halifuti gari la watu wala safari ya kwenda kuua. Angepita kwa Chi-Chi, mke wa Goku, hata dakika tano. Yule mama aliishi na hofu ya hao pacha wanakuja kumtafuta mumewe kitandani, mgonjwa wa moyo. Kwake tu.

Mvuvi_Likoni
Chi-Chi nakubaliana nawe, babu. Kwa mara ya kwanza leo.

Ila niwaulize wote mliobana pacha hawa. Vegeta, mashindano yale yale ya 25 mnayomlaumia 18 kwa hela, aligeuka akafyatua mwale kwenye majukwaa. Watazamaji waliokata tiketi zao. Mamia ya watu, ili tu Goku akubali kupigana naye. Hakutekwa na mtu, alijua mchawi Babidi anamwingia akamwachia mlango. Aliomba radhi wapi? Na mabango yake mnayabandika vyumbani.

Babu_wa_Senzu
Vegeta alijilipua kwa ajili ya Bulma na Trunks.

Binti_Pongwe
Na 17 kajilipua kwa ajili ya nani? Mbona kwake haikutosha?

Babu_wa_Senzu
Vegeta ni kesi nyingine.

Binti_Pongwe
Basi ifungulie uzi, babu. Nitakuwa wa kwanza kuingia.