Je, kupanda mti mmoja kwa kila mti uliokatwa kunatosha kuufanya uvunaji uwe endelevu?

Swali

Habari zenu, ndugu. Nimeanza masomo ya utangulizi ya misitu na kuna jambo halijanikaa sawa. Nimezoea kusikia kwamba uvunaji ni endelevu iwapo anayekata mti atapanda mwingine, lakini mhadhiri wetu anatutaka tuache kuhesabu miti na tuangalie ongezeko la ujazo. Ongezeko hilo hupatikanaje, hasa katika msitu wa asili wenye miti ya umri tofauti?

Jibu la kwanza

Mhadhiri wako ana hoja. Shina la mche uliotoka kitaluni halifikii hata ujazo wa lita moja, ilhali mti mkubwa uliokatwa unaweza kuwa na mita za ujazo mbili au zaidi. Kwa hiyo idadi inabaki ile ile huku mbao zimekwisha.

Ongezeko hupatikana kwa kutenga viwanja vya sampuli vya kudumu, kupima kipenyo cha kila mti katika kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kurudi baada ya miaka kadhaa kupima miti ile ile mahali pale pale palipotiwa alama ya rangi. Hapa uangalifu unahitajika sana, kwa sababu tepu ikikaa mshazari kidogo tu, kipenyo husomeka kikubwa kuliko kilivyo, na kosa hilo litaonekana baadaye kana kwamba mti umekua. Tuseme msitu wa hekta 100 unaongeza mita za ujazo 4 kwa hekta kila mwaka, baada ya kuondoa ujazo wa miti iliyojifia: ukivuna zaidi ya mita za ujazo 400 kwa mwaka, unakula mtaji.

Wazo lenyewe ni la zamani. Hans Carl von Carlowitz, aliyesimamia migodi huko Saxony, Ujerumani, alilitetea kwa maandishi mwaka 1713, wakati migodi na tanuri za kuyeyushia madini zilipokuwa zikitishiwa na uhaba wa miti.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu umri. Katika msitu wa asili wenye miti ya rika zote, miti myembamba huwa mingi sana na idadi hupungua kadiri kipenyo kinavyoongezeka. Mfaransa François de Liocourt alieleza mpangilio huo mwaka 1898. Ukikuta miti minene imejaa lakini chini yake hakuna miche ya jamii ile ile, hesabu ya ongezeko inaweza kupendeza kwa miaka mingi ilhali hakuna warithi. Isitoshe, wavunaji hupenda kuondoa miti iliyonyooka, na mbegu zinabaki kutoka kwa ile iliyopinda. Kwa maoni yangu, kubakiza miti mama iliyo bora ni muhimu kuliko kuotesha maelfu ya miche.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, shamba la miti iliyopandwa kwa pamoja hufuata utaratibu huo huo?

Jibu la kwanza

Hapana. Huko hugawanywa ujazo wote kwa umri wa shamba ili kupata wastani wa ongezeko la mwaka. Wastani huo hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Anayetaka mbao nyingi kabisa kwa muda mrefu huvuna unapofika kileleni, na kupanda upya mara moja.