Kompyuta tatu, monita mbili, kibodi moja: tatizo ni swichi yangu ya KVM au ni mpango mzima?

MezaFinyu:

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Ninatumia kompyuta tatu juu ya meza moja: kompyuta yangu ya mezani yenye Linux, laptopu ya kazini yenye Windows, na MacBook Air ya M1 ninayoitumia kuhariri sauti. Mbele yangu kuna monita mbili za 4K, kila moja ikiwa na pikseli 3840 kwa 2160. Kwa muda mrefu, kila nilipohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, nililazimika kuinama nyuma ya meza, kuchomoa kebo mbili za picha, kibodi, kipanya, kamera na maikrofoni, kisha kuvichomeka upya kwenye kompyuta nyingine. Tundu la HDMI la laptopu limeanza kulegea kwa sababu hiyo, kiasi kwamba nikiigusa kebo kidogo tu, picha hupotea.

Ili kuepukana na hali hiyo nilinunua swichi ya KVM ya HDMI, yaani kisanduku kinachowezesha kompyuta kadhaa kutumia kibodi, kipanya na monita zilezile kwa zamu, yenye nafasi ya kompyuta tatu na monita mbili. Kibodi na kipanya vinahama vizuri, lakini mambo matatu yamenishinda. Kwanza, monita zilizokuwa zikionyesha picha mara 60 kwa sekunde sasa zinaonyesha mara 30 tu, na kishale cha kipanya kinaonekana kuburuta. Pili, nikihamia laptopu ya kazini kisha nikarudi kwenye Linux, madirisha yote niliyokuwa nimeyapanga kwa uangalifu nayakuta yamerundikana kwenye monita moja, na hupoteza dakika kadhaa kuyarudisha mahali pake. Tatu, kwenye MacBook monita ya pili haijawahi kuonyesha chochote. Nilidhani adapta ni mbovu, nikaibadilisha, na hali ikabaki ileile.

Naomba kuelimishwa: je, nitafute swichi nyingine, na kama ndivyo niangalie vigezo gani? Au nimekosea tangu mwanzo kwa kutaka kila kitu kipitie kwenye kisanduku kimoja?

FundiKebo:

Ndugu MezaFinyu, umeeleza vizuri, na matatizo yako matatu yana vyanzo vitatu tofauti kabisa. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wengi hubadilisha swichi mara tatu au nne wakidhani ugonjwa ni mmoja.

Tuanze na picha 30 kwa sekunde, maana hapa hesabu inasema yenyewe. Picha moja ya monita yako ina pikseli 8,294,400. Kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi, picha moja ni takriban biti milioni 199, na ukihitaji picha 60 kila sekunde unafikia karibu gigabiti 12 kwa sekunde, kabla ya kuhesabu nafasi ndogo zinazoachwa kati ya picha na picha. HDMI 1.4 hupitisha gigabiti 10.2, na moja ya tano yake hutumika kulinda mawimbi, hivyo hubaki gigabiti 8.16 za picha yenyewe. Haitoshi. HDMI 2.0 hupitisha gigabiti 18, ambapo 14.4 ni za picha, na DisplayPort 1.2, ambayo ni aina nyingine ya tundu la picha, hupitisha 21.6, ambapo 17.28 ni za picha. Hizo zote mbili zinatosha. Kwa hiyo karibu nina hakika kwamba swichi yako ni ya HDMI 1.4, hata kama kwenye boksi imeandikwa "4K" kwa herufi kubwa. Neno "4K" peke yake halikuambii kitu. Tafuta palipoandikwa 60Hz na toleo la HDMI au DisplayPort. Zikague pia adapta zako za USB-C, kwa kuwa nazo zipo zinazoishia mara 30.

Sasa madirisha yanayorundikana, na hapa ndipo ningependa usome kwa makini, kwa sababu ndicho kigezo kinachotenganisha swichi ya kukaa nayo na swichi ya kurudisha dukani. Kila monita huwa na maelezo yake mafupi yanayoitwa EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, na ndani yake mna jina la mtengenezaji, modeli, na orodha ya ukubwa wa picha ambao monita hiyo inaukubali. Kompyuta huyasoma maelezo hayo inapohisi kwamba monita imechomekwa. Swichi ya kawaida inapokuhamisha kwenda kompyuta nyingine, huikata ile ya kwanza moja kwa moja, na kwa kompyuta hiyo ni sawasawa na mtu aliyeinama nyuma ya meza na kuchomoa kebo. Kompyuta inafanya inachopaswa kufanya: monita haipo, basi madirisha yasogezwe pale yanapoweza kuonekana. Unaporudi, monita imerudi, lakini mpangilio umeshavurugika.

Dawa yake ni swichi yenye uigaji wa EDID, yaani inayoendelea kuiambia kila kompyuta kwamba monita bado ipo hata wakati hutazami kompyuta hiyo. Muulize muuzaji maswali mawili: je, uigaji huo upo kwa kila kompyuta na kwa kila monita, na je, swichi hunakili EDID ya monita zako halisi au hutoa EDID yake ya jumla? Ikitoa ya jumla, unaweza kujikuta kompyuta inatuma picha ya ukubwa usiolingana na monita yako.

Kwenye Linux unaweza kujitibu hata bila kubadilisha swichi. Monita ikiwa imeunganishwa, nakili faili la `/sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid` (jina la tundu hutegemea kadi yako ya grafiki), liweke ndani ya `/lib/firmware/edid/`, kisha ongeza kwenye vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) `drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/kushoto.bin` pamoja na `video=HDMI-A-1:e`. Kuanzia hapo kerneli itaamini kwamba monita ipo wakati wote. Rudia hivyo kwa tundu la pili.

Ama kuhusu MacBook Air ya M1, adapta zako hazina kosa. Chipu hiyo, kwenye MacBook, huendesha monita moja tu ya nje. Swichi hupitisha picha iliyopewa. Haiwezi kutengeneza ya pili. Vilevile usishawishike na habu za MST zinazogawa DisplayPort moja kuwa mbili, kwa sababu macOS haipanui eneo la kazi kupitia njia hiyo, bali huonyesha picha ileile kwenye monita zote mbili. Njia iliyobaki ni adapta za DisplayLink, ambazo hubana picha na kuipitisha kwenye USB kwa msaada wa programu inayosakinishwa. Kwa maandishi zinafaa, ila prosesa hubeba kazi ya ziada, na wewe unahariri sauti.

Tumaini_K:

Kuna njia ya programu ambayo haijatajwa. Input Leap huwezesha kibodi na kipanya kimoja kuhudumia kompyuta kadhaa kupitia mtandao wa ndani: ukikisogeza kishale hadi pembeni mwa skrini moja, kinaingia kwenye skrini ya kompyuta nyingine, hata kama mifumo endeshi ni tofauti. Haihamishi picha, kamera wala maikrofoni, hivyo inamfaa zaidi mtu ambaye kila kompyuta yake ina skrini yake. Kwa MacBook iliyofunguliwa pembeni mwa monita, mimi naiona ni suluhisho zuri sana.

Kitunguu_Maji:

Ndugu FundiKebo amejibu kwa usahihi, lakini mimi nataka kulijibu lile swali la mwisho la MezaFinyu, kwa sababu kwa maoni yangu jibu lake ni ndiyo: si lazima picha ipitie kwenye swichi.

Geuza monita zako utazame nyuma. Nyingi za 4K zina angalau matundu mawili au matatu ya picha, kwa mfano DisplayPort moja na HDMI mbili. Monita yenyewe, kwa hiyo, tayari ni swichi ya picha, na imetengenezwa na watu wanaojua monita hiyo inahitaji nini. Peleka kebo ya kila kompyuta moja kwa moja kwenye tundu lake, kisha nunua swichi ndogo ya USB peke yake kwa ajili ya kibodi, kipanya, kamera na maikrofoni. Suala la HDMI 1.4 linatoweka siku hiyohiyo.

Utaniuliza kuhusu kero ya kubonyeza vitufe vya monita kila unapohama. Monita nyingi hupokea amri kupitia kebo ileile ya picha, kwa utaratibu unaoitwa DDC/CI, na amri namba 60 ndiyo inayochagua tundu la picha. Kwenye Linux kuna programu ya `ddcutil`: ukiandika `ddcutil setvcp 60 0x11` monita huhamia HDMI ya kwanza, na `0x0f` huirudisha kwenye DisplayPort ya kwanza. Namba hizo ni za kawaida, ila watengenezaji wengine hutumia zao, hivyo anza na `ddcutil capabilities` uone monita yako inasemaje. Mimi nimeifunga amri hiyo kwenye udev, sehemu ya Linux inayohisi vifaa vinapochomekwa na kuchomolewa, kwamba kibodi ikiondoka kwenye kompyuta ya mezani, monita zote mbili zinapelekwa HDMI. Nabonyeza kitufe kimoja cha swichi ya USB, na picha inaifuata kibodi.

Nina tahadhari mbili. Amri itoke kwenye kompyuta unayoiacha, kwa kuwa si kila monita hukubali kusikiliza tundu ambalo halionyeshwi wakati huo. Pia zipo monita ambazo zikihama tundu hukata mawasiliano na kompyuta iliyoachwa, na hapo madirisha yatarundikana kama kawaida; ile mbinu ya faili la EDID itakuokoa.

Nyuzi_Tano:

Nitasema machache kuhusu upande wa USB, ambao huwa unasahaulika hadi siku unapoleta hasara.

Usichomeke diski ya nje kwenye swichi. Kubonyeza kitufe cha kuhama ni kuichomoa diski bila kuiaga, na ikiwa ilikuwa katikati ya kuandika faili, faili hilo linaweza kuharibika. Niliwahi kupoteza rekodi ya mahojiano ya saa nzima kwa njia hiyo, na tangu siku hiyo diski yangu huchomekwa kwenye kompyuta husika tu. Maikrofoni na kamera haziharibiki, lakini ukihama wakati uko kwenye kikao, sauti yako inakatika papo hapo.

Chagua swichi yenye umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Kiasi hicho kikigawanywa kati ya kamera, maikrofoni na kibodi yenye taa, kifaa kimojawapo kitaanza kupotea na kurudi. Kama utabaki na KVM kamili na kibodi yako ina vitufe vya ziada, usiichomeke kwenye tundu lililochorwa alama ya kibodi. Tundu hilo husikiliza mibonyezo, kama vile Scroll Lock mara mbili, ili swichi ijue wakati wa kuhama, na mara nyingi halizielewi kibodi za aina hiyo. Tumia tundu la USB la kawaida, nawe uhame kwa kitufe cha swichi.

Mwisho, kebo za DisplayPort. Pini ya 20 hubeba umeme wa volti 3.3, na kebo ya kawaida haipaswi kuiunganisha upande mmoja na mwingine. Zipo kebo mbovu zinazoiunganisha, na umeme wa monita huingia kwenye kompyuta iliyozimwa hadi ikakataa kuwaka. Nunua zilizothibitishwa na VESA, shirika linalosimamia viwango vya DisplayPort.

MezaFinyu:

Nawashukuru sana. Nimerudi kutoa mrejesho baada ya wiki mbili.

Nilifuata ushauri wa Ndugu Kitunguu_Maji, kwa kuwa kila monita yangu ina DisplayPort moja na HDMI mbili, nami sikuwahi kuyatazama matundu hayo kama kitu kinachoweza kutumika. Linux imechukua DisplayPort zote mbili. Laptopu ya kazini inatumia HDMI yake kwa monita ya kushoto, na USB-C yenye adapta ya mara 60 kwa ile ya kulia. MacBook imepewa HDMI ya pili ya monita ya kulia, na sasa najua kwamba hiyo moja ndiyo haki yake. Kishale hakiburuti tena.

Monita ya kulia haikati mawasiliano inapohama. Ya kushoto inakata, hivyo nilitengeneza faili la EDID kama alivyoelekeza Ndugu FundiKebo. Mara ya kwanza haikufanya kazi, kwa sababu nilitumia jina la HDMI-A-1 kutoka kwenye mfano badala ya DP-1 ambalo ndilo tundu langu. Nilipolirekebisha na kuwasha kompyuta upya, nilihama na kurudi mara sita mfululizo, na madirisha yote yalikuwa pale nilipoyaacha.

Kwenye laptopu ya kazini siruhusiwi kusakinisha programu, hivyo ninapotoka huko kurudi Linux bado nabonyeza kitufe kilicho chini ya kila monita. Diski nayo nimeiondoa kwenye swichi tangu siku niliposoma maelezo ya Ndugu Nyuzi_Tano.