Kisima chetu kiko karibu na jaa la taka, naomba ushauri

Salaam ndugu zangu. Tunaishi Malindi, na upande wa juu wa mtaa wetu kuna jaa la taka. Tangu mvua za masika maji ya kisima yamebadilika: yana rangi ya chai nyepesi, na yakilala kwenye ndoo yanaacha utando unaonuka kutu. Huku ardhi ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, maji hupenya upesi. Yale meusi yanayochuruzika jaani (betri, nepi, mabaki ya chakula, vyote vimo) sidhani yanachujika vya kutosha.

Mama mkwe asema tuchemshe tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi (metali yenye sumu, kama ya kwenye betri) na naitreti (chumvi itokayo kwenye uchafu unaooza) hazitoki. Maji yakipungua ndiyo zinazidi kukolea. Nina mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa naitreti miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto kama huyu. Maji yake nanunua, ya kisima tunafulia.

Nianze kupima nini, na sampuli nichukueje isiharibike njiani? Na majirani ambao bado wanayanywa niwaambieje kabla ya majibu kutoka?