Mpangaji kahama, ukuta umepukutika: dipoziti nimrudishie au nikate?

Mama wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba ya vyumba vitatu huku Nkuhungu, Dodoma. Nimepangisha nzima, laki tatu kwa mwezi, analipa miezi sita sita. Alipoingia alinipa na dipoziti ya mwezi mmoja. Sasa kahamia Iyumbu, funguo kaniletea, anataka laki tatu yake.

Nimeingia na fundi tukakuta haya. Sebuleni na korido, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, rangi imebanduka, plasta ukiigusa kwa kidole inapukutika, na kuna unga mweupe. Koki mbili za bafuni zimeganda na shawa inatoa maji kwa kudondosha. Mlango wa chumba cha watoto una tundu linaloingia ngumi. Sinki la jikoni lina ufa, nyavu za madirisha mawili zimechanika.

Fundi kapiga hesabu: ukuta 350,000, mlango 90,000, sinki 85,000, koki na shawa 30,000, nyavu 25,000. Jumla 580,000. Yaani dipoziti haitoshi, nimdai na nyongeza. Mkataba tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, unasema "mpangaji atalipia uharibifu wowote". Kusema kweli ni mtu mstaarabu, kodi hajawahi kunichelewesha. Nishaurini.

Fundi Kizota
Dada, huo ukuta hajauharibu mtu. Unga mweupe ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia msingi, umebeba chumvi ya udongo. Ukifika ukutani, kwa jua na upepo wa Dodoma maji yanakauka haraka, chumvi inabaki ndani ya plasta, inavimba na kuisukuma rangi nje. Ndiyo maana umeona mstari unaoishia karibu kimo kimoja korido nzima. Ukuta ulioharibiwa na watu unakuwa na mabaka: hapa kiti kimegonga, pale mtoto kachora.

Hakikisha mwenyewe. Nenda stoo au kwenye uzio, mahali ambapo mpangaji hakuweka hata ndoo. Ukikuta unga uleule, kesi imeisha. Halafu muulize aliyekujengea kama alitandika nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali.

Na huyo fundi wako asikupigie skimu ya kulainisha ukuta juu kwa juu na rangi ya mafuta, utarudia kazi hiyohiyo. Plasta mbovu ikwanguliwe hadi kwenye tofali, ukuta uachwe ukauke ndipo upigwe upya. Koki na shawa nazo ni chumvi ya maji ya kisima. Shawa ifungue, iloweke kwenye siki usiku kucha kabla hujanunua nyingine.

Mpangaji Sugu
Wenye nyumba wa Dodoma bwana! Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 kila chumba kimekuwa dhahabu, na dipoziti mnaihesabu kama kodi ya mwezi wa saba. Muulize pia nani amekuwa akilipa kodi ya jengo lako. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, siku hizi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, kakulipia yeye kila mwezi akinunua umeme. Akitaka kuikata kwenye hesabu yenu utamjibu nini?

Mwanasheria wa Makulu
Tupunguze jazba. Ile Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo mambo haya yanategemea mkataba wenu na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Sheria hiyo inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na madhara ya mafuriko, tetemeko na mengine ya asili yasiyotokana na uzembe wake. "Uharibifu wowote" ya mkataba wako usiitegemee sana. Chumvi ya ardhini si uharibifu wa mpangaji.

Mlango na nyavu ni juu yake. Lakini kama ulikuwa mlango wa plaiwudi, usimlipishe wa mninga. Sinki je, ulilipiga picha siku anaingia?

Mkishindwana, Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Kwa laki tatu, anzeni kwa mwenyekiti wenu aliyeshuhudia mkataba.

Mama wa Nkuhungu
Picha sina. Yeye anasema ufa wa sinki aliukuta. Mlango hajabisha, ni watoto na mpira. Stoo nimeenda, unga upo, tena mwingi kuliko sebuleni.

Baba Wawili
Basi ukuta utoe kwenye hesabu leo hii kabla hujamwambia neno jingine, maana ukitaja 580,000 atajua unataka kumla. Mimi nina nyumba Nzuguni. Mpangaji akiingia tunazunguka wote, napiga picha kila ukuta, kila koki, namba ya LUKU na uniti zilizobaki, namtumia hapohapo WhatsApp na yeye ananijibu "nimeona". Akitoka tunazunguka tena na picha zilezile mkononi. Dipoziti naiweka kwenye akaunti ya pembeni, sili. Hilo la mwisho gumu, nakubali.

Sinki bila picha gawaneni nusu kwa nusu.

Mama wa Nkuhungu
Nimempigia. Mlango na nyavu kakubali, ila bei ya mlango anasema ni kubwa, Jumamosi anakuja na fundi wake. Sinki nusu, 42,500, naye kaguna tu. Ukuta nimemwambia ni wangu. Kodi ya jengo hajaitaja na mimi sijamkumbusha 😀

Mpangaji Sugu
😂😂 Nitamtafuta nimwambie.

Fundi Kizota
Jumamosi mkipima mlango gongeni na fremu. Ikisikika tupu ndani ni mchwa, na hiyo nayo usimbambikie.