MREJESHO: Uvimbe wa tumboni baada ya kupigwa na usukani wa pikipiki

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mdogo wangu aliyeanguka na pikipiki, usukani ukamkita tumboni, ukabaki uvimbe unaotokeza akikohoa na kurudi akilala. Wengi mlidhani ni damu iliyovilia. Waliosisitiza kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili kwa eksirei na kompyuta), Mungu awabariki! Altrasaundi haikuonyesha kitu, lakini CT ilionyesha misuli imechanika na utumbo unapenya hadi chini ya ngozi, ngozi yenyewe ikiwa nzima kabisa. Yaani ni ngiri ya ajali. Pigo kama hilo huweza pia kutoboa utumbo; namshukuru Mungu wake ulikuwa salama.

Ushauri wa mkanda wa tumbo tuliujaribu. Ulipunguza maumivu tu, haukuunga misuli.

Amefanyiwa upasuaji, misuli ikashonwa na kuwekewa wavu maalumu wa kuiimarisha. Uvimbe umekwisha, ila maji yalijikusanya chini ya mshono yakabidi yavutwe kwa sindano, na upande ule bado unamvuta akiinuka haraka. Vitu vizito bado amekatazwa kubeba.

Uvimbe wa hivi ukiwa mgumu, haurudi ndani na mgonjwa anatapika, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Asanteni sana, nyote.